Pembe za Mkingamo Zinapogoma: Jinsi ya Kutafuta Kosa Lilipo

Mada ya mistari sambamba inayokatwa na mkingamo haina hesabu ngumu. Anayejua kutoa namba kwenye 180 amemaliza hesabu yote. Hata hivyo madaftari hurudi yamejaa wino mwekundu, na ukiyasoma kwa utulivu unaona kwamba kosa si la kujumlisha wala kutoa. Mwanafunzi ameoanisha pembe zisizohusiana, au ametumia kanuni ambayo mchoro haukumruhusu kuitumia.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili, na wa yeyote anayekaa naye mezani jioni kumsaidia. Tafuta dalili inayofanana na unayoiona kwenye daftari, kisha soma chanzo chake. Huna haja ya kusoma kwa mpangilio, ila chora kwanza mchoro ufuatao, maana nitautumia mpaka mwisho.

Chora mistari miwili ya kulala, wa juu uuite m, wa chini n. Chora mkingamo t unaoikata yote miwili, ukiwa umeinamia kulia kama mkwaju huu: /. Kwenye makutano ya juu zipe pembe namba ukizunguka kama mshale wa saa: 1 juu kushoto, 2 juu kulia, 3 chini kulia, 4 chini kushoto. Fanya vivyo hivyo kwenye makutano ya chini: 5 juu kushoto, 6 juu kulia, 7 chini kulia, 8 chini kushoto. Tuseme pembe ya 2 ni nyuzi 70.

Majina nitakayotumia ni haya. Pembe mkabala ni zile zinazotazamana kwenye kipeo kimoja, kama 1 na 3. Pembe za nafasi moja ni kama 2 na 6: zote juu kulia, kila moja kwenye makutano yake, wengi huziita pembe F. Pembe mbadala za ndani ni kama 4 na 6: zote ziko kati ya m na n, ila moja kushoto kwa mkingamo na nyingine kulia, hizo ndizo pembe Z. Pembe mbadala za nje ni kama 2 na 8. Pembe za ndani upande mmoja ni kama 4 na 5. Kitabu chako kikiwa na majina mengine, bakia na ya kitabu chako. Nafasi hazibadiliki.

Nafasi ndizo kiini cha mada. Kila jozi inahitaji maswali matatu kwa mfuatano: pembe hizi zimekaaje? Je, mistari ni sambamba? Basi ukubwa wake unahusianaje? Makosa karibu yote ninayokutana nayo ni ya mtu aliyerukia swali la tatu.

Dalili: jibu ni 70 palipotakiwa 110, au kinyume chake

Hii ndiyo inayojitokeza zaidi. Mwanafunzi anajua kwamba jozi fulani ni sawa na nyingine hujumlika kuwa 180, ila anazichanganya. Ameandika pembe ya 5 ni 70 kwa sababu ya 4 ni 70, na “zote ziko ndani”.

Chanzo ni kukariri orodha ya kanuni bila kuona kwamba mchoro mzima una ukubwa wa aina mbili tu. Mistari ikiwa sambamba, pembe zote nane ni ama 70 ama 110. Kali zote, zilizo chini ya nyuzi 90, ni sawa: 2, 4, 6, 8. Butu zote, zilizozidi 90, ni sawa: 1, 3, 5, 7. Kali moja na butu moja, popote zilipo, hujumlika kuwa 180. Mpe mwanafunzi penseli mbili za rangi, apake kali kwa rangi moja na butu kwa nyingine, kisha umuulize tena kuhusu 4 na 5. Mara nyingi atajirekebisha mwenyewe.

Tahadhari moja: michoro ya mitihani haichorwi kwa vipimo kamili. Pembe iliyoandikwa 95 inaweza kuonekana kali kwenye karatasi. Rangi zipakwe kwa kufuata namba zilizotolewa na nafasi ya pembe. Jicho halitoshi.

Dalili: “Mwalimu, hii Z mbona siioni?”

Mchoro umegeuzwa. Mistari sambamba imesimama wima au imeenda mshazari, na mkingamo umelala. Au Z imechorwa kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo. Mwanafunzi aliyefundishwa herufi tu anaitafuta herufi, anaikosa, anabahatisha.

Sina ugomvi na herufi F na Z, zinasaidia mwanzoni. Tatizo ni kwamba herufi haikuambii mkingamo ni upi, na mkingamo usipojulikana hakuna kinachoendelea. Kipimo kisichoshindwa ni hiki: weka vidole kwenye vipeo vya pembe mbili unazoulizwa. Mstari unaounganisha vipeo hivyo ndio mkingamo, na lazima uwe mkono wa pembe zote mbili. Ukishaupata, uliza mambo mawili tu. Je, pembe ziko upande mmoja wa mkingamo au pande tofauti? Je, ziko kati ya ile mistari mingine miwili au nje yake?

Majibu yanakupa jina moja kwa moja. Pande tofauti na zote ndani: mbadala za ndani. Pande tofauti na zote nje: mbadala za nje. Upande mmoja na zote ndani: za ndani upande mmoja. Upande mmoja, moja ndani na nyingine nje: za nafasi moja. Hakuna herufi iliyohitajika, na unaweza kugeuza karatasi utakavyo.

Dalili: jozi haina jina

Mwanafunzi makini ataona kwamba orodha hiyo haijaisha. Pande tofauti, moja ndani na nyingine nje, je? Mfano ni 1 na 6. Anapekua kitabu, hapati jina, anadhani kitabu kina upungufu au yeye amekosea.

Hajakosea. Pembe nane hutoa jozi 28. Nne ni pembe mkabala, nane ni jirani kwenye mstari mnyoofu, nne za nafasi moja, mbili mbadala za ndani, mbili mbadala za nje, mbili za ndani upande mmoja, mbili za nje upande mmoja. Jumla ni 24. Zinabaki nne zisizo na jina la kawaida: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 8, 4 na 7. Kila moja ni kali kwa butu, hivyo mistari ikiwa sambamba zitajumlika kuwa 180, lakini kwenye mtihani huna jina la kuandika kama sababu.

Pita njia ya hatua mbili. Pembe ya 1 ni sawa na ya 5, nafasi moja. Pembe ya 5 na ya 6 ziko kwenye mstari mnyoofu, kwa hiyo 1 na 6 hujumlika kuwa 180. Swali linalokupa 1 na kuuliza 6 kwa kawaida limetungwa kwa makusudi kupima hatua hizo mbili, na aliyeandika jibu tupu hupoteza alama ya sababu hata namba ikiwa sahihi.

Dalili: majina yote ni sahihi, jibu limekataliwa

“Pembe ya 3 na ya 5 ni mbadala za ndani, kwa hiyo ziko sawa.” Jina ni sahihi, lakini hitimisho halijapata kibali: hakuna mahali swali lilisema m na n ni sambamba.

Huyu ameruka swali la pili. Jina la jozi hutokana na nafasi, na nafasi ipo hata mistari ikiwa imepinda njia kila mmoja kivyake. Usawa unakuja na usambamba tu. Tafuta vishale vidogo vilivyochorwa katikati ya mistari, au maneno “sambamba na” ndani ya swali. Vistari vifupi vinavyokata mstari havimaanishi usambamba. Vinaonyesha urefu ulio sawa, na hapo wengi hunaswa. Kuna aina mbili tu za jozi zisizojali usambamba: pembe mkabala, na pembe jirani kwenye mstari mnyoofu. Hizo zitumie wakati wowote.

Sharti hili si la kuwasumbua wanafunzi tu. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Eratosthenes, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria huko Misri, alikadiria mzingo wa dunia kwa pembe za mkingamo. Saa sita mchana siku jua linapofika kilele cha kaskazini, lilikuwa utosini kabisa mji wa Syene, Aswan ya leo. Saa hiyohiyo, kivuli Alexandria kilionyesha jua limeinama kwa sehemu moja ya 50 ya duara, yaani nyuzi 7.2. Akaichukulia miale ya jua kuwa sambamba, kwa sababu jua liko mbali mno. Mstari unaotoka kitovu cha dunia hadi Alexandria ukawa mkingamo, na pembe ya kivuli ikawa sawa na pembe iliyo kitovuni kati ya miji hiyo miwili. Umbali kati ya miji ulihesabiwa kuwa stadia 5,000 (kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale); zidisha kwa 50, unapata 250,000. Ondoa dhana ya usambamba wa miale na nyuzi 7.2 za kivuli hazikuambii lolote kuhusu kitovu.

Dalili: anashikilia kwamba pembe za ndani upande mmoja ni sawa

Angalia mifano aliyofundishiwa. Yamkini mkingamo ulisimama wima kwa nyuzi 90. Hapo pembe zote nane ni sawa, na kila kanuni, ya kweli na ya uongo, inaonekana kufanya kazi. Mchoree mkingamo ulioinama sana, wa nyuzi 30, na swali litakwisha lenyewe. Mwalimu, usianzishe mada hii kwa mchoro wa pembe mraba.

Dalili: x imetoka namba nzima safi, lakini imekosewa

Pembe mbili zimeandikwa 3x + 10 na 5x − 30, mistari ni sambamba. Mwanafunzi wa kwanza anaandika 3x + 10 = 5x − 30, anapata x = 20, pembe zote nyuzi 70. Wa pili anaandika (3x + 10) + (5x − 30) = 180, anapata 8x = 200, x = 25, pembe ni 85 na 95. Wote wawili wamepata namba nzima. Wote wakirudisha x kwenye mlinganyo wao, unakubali.

Hapa ndipo wanafunzi wazuri wa aljebra huanguka. Wamezoea kwamba jibu likitoka bila sehemu basi ni sahihi, na kwamba kurudisha x ni uhakiki tosha. Kurudisha x kunahakiki aljebra peke yake. Hakusemi chochote kuhusu kama mlinganyo wenyewe ulistahili alama ya sawa au jumla ya 180. Uamuzi huo uko kwenye mchoro, na unatakiwa kuandikwa kwa maneno kabla ya mlinganyo: “mbadala za ndani, m sambamba na n, kwa hiyo...” Mwanafunzi anayelazimishwa kuandika mstari huo hukosea mara chache zaidi, kwa sababu hawezi kuuandika bila kutazama.

Kosa jingine dogo la hapahapa: swali limeuliza pembe, yeye ameishia x = 20 na kuweka alama ya nyuzi. Soma tena sentensi ya mwisho ya swali.

Dalili: mikingamo miwili, au mstari uliovunjika katikati

Chukua nukta P kwenye m, na kutoka P shusha mikingamo miwili hadi Q na R kwenye n, Q ikiwa kushoto. Umepata pembetatu iliyobanwa kati ya mistari sambamba. Pembe iliyo P kati ya m na PQ, upande wa kushoto, ni 50. Ile kati ya m na PR, upande wa kulia, ni 60. Mwanafunzi anasema pembe ya pembetatu iliyo R ni 50, “mbadala”.

Rudi kwenye kipimo cha vidole. Vipeo ni P na R, basi mkingamo ni PR. Je, PR ni mkono wa ile pembe ya 50? Hapana, mikono yake ni m na PQ. Jozi hiyo haipo. Pembe ya 50 inaoana na Q, ya 60 inaoana na R. Iliyobaki P, ndani ya pembetatu, ni 180 − 50 − 60 = 70. Funika mkingamo mmoja kwa rula, ufanye kazi na mwingine, halafu ubadilishe. Na kwa kuwa 50, 60 na 70 zimejipanga kwenye mstari mnyoofu pale P, umeona bila kukusudia kwa nini pembe za pembetatu hujumlika kuwa 180.

Mstari uliovunjika ni mgumu zaidi. Nukta A iko kwenye mstari wa juu AB, C kwenye mstari wa chini CD, B na D zote zikiwa kulia. Kati ya mistari, upande wa kulia wa A na C, kuna nukta E. AE na CE zimechorwa zikafanya kona pale E. Pembe BAE ni 35, pembe DCE ni 48. Tafuta pembe AEC. Mwanafunzi anatazama vipeo A na C: hakuna mstari unaoviunganisha. Anatazama A na E: mstari upo, AE, lakini mkono wa pili wa pembe iliyo E si sambamba na chochote. Anakwama, au anatoa 48 − 35 kwa sababu kuna namba mbili na lazima zifanywe kitu.

Chanzo cha kukwama ni kwamba mkingamo unakata mistari sambamba miwili, na kwenye E hakuna mstari sambamba. Basi uweke. Chora EF kuelekea kushoto, sambamba na AB na CD. Sasa AE ni mkingamo kati ya AB na EF: pembe AEF ni 35, mbadala. CE ni mkingamo kati ya CD na EF: pembe CEF ni 48, mbadala. AEC ni 83. Kuongeza mstari ambao swali halikuutaja kunawatisha wanafunzi, kama vile wanavunja sheria. Waambie wazi kwamba ni ruhusa, mradi waandike: “Chora EF sambamba na AB.”

Dalili: kipimapembe kinapingana na kanuni

Tofauti ya nyuzi moja au mbili kati ya pembe za nafasi moja ni ya mkono na penseli. Mistari ya rula haiwi sambamba kamili, na ncha butu inaongeza makosa. Mmoja akisoma 70 na mwingine 110, amesoma mstari wa namba usiofaa kwenye kipimapembe. Sifuri ianzie kwenye mkono wa pembe, kisha fuata mstari huohuo wa namba. Tofauti ya nyuzi tano au zaidi isiyoelezeka hivyo inamaanisha m na n hazikuchorwa sambamba. Futa, chora upya kwa kutelezesha kipembetatu cha kuchorea (set square) kwenye ukingo wa rula.

Dalili: uthibitisho unazunguka

Swali: pembe ya 4 ni 64, ya 5 ni 116. Onyesha kwamba m na n ni sambamba. Mwanafunzi anaandika: “m na n ni sambamba, kwa hiyo pembe za ndani upande mmoja hujumlika kuwa 180, kwa hiyo ni sambamba.” Ametumia kama chanzo kile alichoombwa akifikie.

Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale, alizitenga waziwazi njia mbili: kutoka pembe kwenda usambamba, na kutoka usambamba kwenda pembe. Katika kitabu cha kwanza cha kazi yake Elements, hoja ya 27 na 28 zinatoka kwenye pembe kwenda kwenye usambamba. Hoja ya 29 inatoka kwenye usambamba kwenda kwenye pembe. Ile ya 29 ndiyo ya kwanza kuhitaji msingi wake wa tano, kauli aliyoikubali bila kuithibitisha, ambao wanahisabati walibishana nao kwa karne nyingi. Si mambo yaleyale yaliyoandikwa mara mbili.

Pigia mstari kile ulichopewa, na kianze wewe. Umepewa 64 na 116. Jumla yake ni 180. Ni pembe za ndani upande mmoja. Kwa hiyo m na n ni sambamba. Neno “sambamba” lijitokeze mwishoni tu. Likiwa kwenye mstari wa kwanza, uthibitisho umezunguka.

Zingekuwa 65 na 116, jumla ingekuwa 181, na upande wa pili wa mkingamo pembe za 3 na 6 zingekuwa 115 na 64, jumla 179. Msingi wa tano unasema mistari hukutana upande ambao jumla iko chini ya 180, kwa hiyo ingekutana kulia. Kama makutano ya juu na ya chini yako umbali wa sentimita 5 kwenye mkingamo, mahali pa kukutana pangekuwa karibu mita 2.6 kulia kwa karatasi. Ndiyo maana swali la usambamba huamuliwa kwa namba, hata pale jicho linapoapa kwamba mistari haitagusana.